Mashemasi na daftari ya wajane: kutoka Yerusalemu mpaka Baraka



Kwenye tereni kuna ulizo moja ambalo halinipiti wiki bila kulisikia: kwa nini chama chetu kikitafuta majina ya watu wenye shida zaidi, kinaanzia kwa mashemasi wa makanisa? Wanachama wengine wanauliza kwa upole. Wengine wanauliza na hasira, juu ya jina lao halikuonekana kwenye liste. Wafadhili nao wanauliza kwa namna yao: huyu shemasi ambaye ripoti zenu zinamtaja kila mara ni nani, analipwa na nani, na daftari yake inakaguliwa na nani?

Nimeona jibu fupi halitoshi. Watu wengi wanamjua shemasi kama mtu wa siku ya Mungu tu: anapanga viti, anapitisha kikapo cha sadaka, anatoa mtoto anayelia nje, anatengeneza meza ya Bwana. Hiyo ni sehemu ndogo. Kazi yenyewe ina karibu miaka 2 000, na ilizaliwa katika ugomvi wa chakula. Tena ugomvi wenyewe, nikiuangalia vizuri, ni wa watu waliorudi na wale waliowakuta.

Habari iko katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 6. Wengi wetu tumeisikia ikihubiriwa mara nyingi, lakini kwa kawaida mhubiri anakimbilia Stefano na mawe aliyopigwa. Turudi nyuma kidogo, kwenye chakula. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa na mgawo wa kila siku kwa wajane. Manung'uniko yakatokea: wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walikuwa wanarukwa. Mwandishi hasemi kama walirukwa kwa makusudi au kwa kusahauliwa. Anasema tu kwamba walirukwa, na kwamba watu wao walilalamika juu ya wale Wayahudi wenyeji, waliosema lugha ya nyumbani.

Hawa waliosema Kigiriki walikuwa watu gani? Sura ileile inataja sinagogi za watu wa Kirene, wa Aleksandria, wa Kilikia na wa Asia. Ni Wayahudi ambao jamaa zao ziliishi inchi za mbali kwa vizazi vingi, kisha wengine wakarudi kukaa Yerusalemu. Wasomi wengi wanaona kwamba kati yao walikuwamo wazee waliotaka kumalizia siku zao katika mji wa baba zao na kuzikwa pale. Sasa mzee akifa, mke wake anabaki. Hana shamba. Hana shemeji karibu. Kijana wake yuko Aleksandria. Lugha ya kwenye mgawo haielewi vizuri. Kama tangazo limepita jioni kwa lugha ya wenyeji, yeye asubuhi anakuta chakula kimekwisha.

Mwanachama anayesoma haya hahitaji nimweleze zaidi. Watoto wetu waliozaliwa Nyarugusu walirudi na Kiswahili cha Tanzania kinywani, na hapa walichekwa. Mama aliyerudi bila mume alifika kwenye lokalite ambayo shefu wake hakumjua, na majirani waliomjua walikuwa wamekufa au wako ng'ambo bado. Wa kusema "huyu ni mutu wetu, mumuandike" hakuwepo.

Mitume walifanya nini? Walisema hawawezi kuacha kazi ya neno na kusimamia meza, kwa hiyo watu wenyewe wachague wanaume saba wenye sifa njema. Majina ya wale saba yako pale: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote saba ni majina ya Kigiriki. Ni kweli Wayahudi wenyeji pia waliweza kuwa na jina la Kigiriki, kama mtume Andrea. Lakini saba wote? Na huyo wa mwisho, Nikolao, anatajwa wazi kuwa mtu wa Antiokia, tena hakuzaliwa Myahudi bali aliongoka. Kwa lugha ya mashirika ya leo tungesema hivi: upande uliolalamika ndio uliopewa ufunguo wa stoki.

Jambo hilo mimi naliona kubwa kuliko yote katika sura ile, na sielewi kwa nini halihubiriwi sana. Mitume wangeweza kutuma wakaguzi. Wangeweza kuongeza mgawo kidogo ili manung'uniko yatulie. Wangeweza kuweka wawili wa huku na wawili wa kule. Hayo yote tumeyaona kwetu. Wao walikabidhi meza nzima, ya wajane wa pande zote mbili, kwa watu waliojua kurukwa kunafananaje.

Nisiwafiche, sura ya 6 haiwaiti wale saba kwa cheo cha mashemasi. Inatumia neno la kazi, kuhudumia, na ni kanisa la baadaye lililowahesabu kuwa mashemasi wa kwanza. Neno la Kigiriki, diakonos, lilikuwa neno la kawaida la mtumishi, hata yule anayeleta sahani mezani. Neno letu shemasi limepita njia nyingine: limetoka katika Kisiria na Kiarabu cha Wakristo wa Mashariki, nalo maana yake ni ileile, mtumishi. Kwa hiyo ndugu zetu Wakatoliki wanaosema diakoni na Waprotestanti wanaosema shemasi wanasema neno moja kwa lugha mbili.

Wala haikuwa kazi ya wanaume peke yao. Katika barua kwa Warumi, sura ya 16, Paulo anamtaja Foibe wa kanisa la Kenkrea, bandari ya Korinto, kwa neno hilohilo la diakonos, na anasema amesaidia watu wengi, hata yeye Paulo mwenyewe. Kiasi cha mwaka 112, Plinio, gavana wa Kirumi katika inchi inayoitwa leo Uturuki, alimwandikia kaisari kwamba amewatesa wanawake wawili watumwa ili waseme Wakristo wanafanya nini. Anaongeza kwamba Wakristo wenyewe waliwaita wanawake wale wahudumu. Majina yao hakuyaandika. Bamama mashemasi wa kwetu, wanaoamka usiku kwenda kukaa na mgonjwa, wana wazazi wa zamani sana.

Turuke miaka mia moja na kitu, twende Roma. Mwaka 251 hivi, askofu wa Roma, Korneli, aliandika barua ambayo sehemu yake imehifadhiwa mpaka leo. Anahesabu watu wa kanisa lake: mapadri 46, mashemasi 7, mashemasi wadogo 7, na wengine wa huduma mbalimbali. Kisha anataja wajane na watu wenye dhiki waliolishwa na kanisa: zaidi ya 1 500. Piga hesabu mwenyewe. Ni zaidi ya watu 200 kwa kila shemasi, katika mji mkubwa usio na simu wala pikipiki, wakati dini yao haikuruhusiwa na serikali. Mji ulikuwa umegawanywa sehemu saba, kila shemasi na sehemu yake, kama vile sisi tunavyogawana makartiye. Na namba hiyo ya 1 500 haikutoka hewani. Kulikuwa na mtu aliyekuwa na liste, aliyejua nani amekufa wiki hii na nani ameongezeka.

Kushika liste ya namna hiyo kulikuwa hatari. Mwezi wa Agosti mwaka 258, chini ya kaisari Valeriani, askofu wa Roma, Sixtus wa Pili, aliuawa pamoja na mashemasi wake kadhaa, na shemasi Laurenti aliuawa siku chache baadaye. Habari iliyoandikwa zaidi ya miaka mia moja baada ya kifo chake inasema kwamba serikali ilimtaka alete hazina ya kanisa, naye akawakusanya maskini na kusema hazina ni hawa. Kama ilitokea hivyo sawasawa, mimi siwezi kuapa. Lakini ona ni nani waliyemdai hazina. Hata serikali ilijua kwamba mfuko na majina viko kwa shemasi.

Mwaka 362, kaisari mwingine, Juliani, aliyeacha Ukristo na kutaka kuirudisha dini ya zamani ya Warumi, alimwandikia kuhani mmoja kwa uchungu. Malalamiko yake, kwa kifupi: ni aibu kwamba hawa Wagalilaya, njo vile alivyowaita Wakristo, wanalisha maskini wao na wetu pia, na watu wetu wanaonekana hawana msaada kutoka kwetu. Nafurahi ushahidi huu umetoka kwa adui. Mfadhili akisoma ripoti yangu anaweza kusema najisifu. Juliani hakuwa na sababu ya kuwasifu.

Baadaye kazi ikapoteza nguvu. Katika kanisa la Magharibi, ushemasi ukawa ngazi ya kupitia tu: mtu anakuwa shemasi muda kidogo, kisha anakuwa padri. Maskini waliendelea kusaidiwa na watawa, na hospitali, na watu wenye huruma, lakini shemasi wa daftari alikuwa amepungua sana. Miaka hiyo ni mingi na sitaipitia.

Nataka tusimame Geneva, katika Uswisi, karne ya 16, kwa sababu pale historia inagusa wakimbizi moja kwa moja. Yohana Calvin alikuwa Mfaransa aliyekimbia inchi yake juu ya imani. Mwaka 1541 mji wa Geneva ulipokea kanuni za kanisa alizosaidia kuandika, na ndani yake ushemasi ulirudishwa kuwa kazi kamili yenye sehemu mbili: mashemasi wa kupokea na kutunza mali ya maskini, na mashemasi wa kuwahudumia wagonjwa na maskini kwa mikono. Yaani mwenye kushika kasha si yule anayegawa. Wanachama waliowahi kuwa katika komite ya stoki wanajua kwa nini hiyo ni hekima.

Wakati huohuo wakimbizi kutoka Ufaransa walikuwa wanaingia Geneva kwa mamia. Mji ulikuwa na watu karibu 10 000, na ndani ya miaka ishirini hivi ulikaribia kuongezeka mara mbili. Hospitali ya mji ilikuwa kwanza kwa maskini wa mji. Wenyeji walianza kunung'unika: vyumba vimepanda bei, mkate umepungua, hawa wageni watakaa mpaka lini? Basi katika miaka ya 1540 wakimbizi wenyewe walianzisha mfuko wao, uliojulikana kama mfuko wa Wafaransa. Wakimbizi wenye mali walitoa, wengine waliacha urithi, na mashemasi waliochaguliwa kati ya wakimbizi hao ndio walioutunza. Daftari zao tangu mwaka 1550 zipo mpaka leo.

Katika daftari zile hakuna maneno makubwa. Wamelipia kitanda cha mgonjwa. Wamenunua kitambaa cha shati. Wamelipa mama wa kunyonyesha mtoto aliyefiwa. Wamemnunulia fundi vyombo vyake ili aache kuomba. Wamemweka kijana kwa fundi ajifunze kazi. Wamempa msafiri nauli aendelee na njia. Mfuko ule uliendelea mpaka karne ya 19, zaidi ya miaka 250. Nawaambia wanachama wenzangu, tukisikia mtu akisema kwamba vyama vya kusaidiana vya wakimbizi ni jambo jipya lililoletwa na mashirika ya misaada, tumjibu kwa heshima kwamba amechelewa miaka 450.

Lakini tuone na upande wa pili. Mfuko wa wakimbizi ulikuwa wa wakimbizi. Maskini wa Geneva alikuwa na hospitali yake, mkimbizi alikuwa na mfuko wake. Liste mbili. Ilipunguza ugomvi, ni kweli, kwa kuwa mwenyeji hakuweza kusema kwamba mgeni anakula chakula chake. Ila watu wawili wenye njaa moja waliweza kukaa nyumba moja na kupata vitu tofauti. Nitalirudia jambo hili, maana liko mlangoni kwetu.

Kwetu Kivu ushemasi ulikuja na misioni. Wakatoliki walitangulia. Katika miaka ya 1920 wamisionari Wapentekoste wa Sweden na wa Norway waliingia upande huu wa Kivu, na kazi yao ndiyo iliyozaa jumuiya kubwa tunazozijua leo kwa namba zao, ya 8 CEPAC na ya 5 CELPA, ndani ya Kanisa la Kristo katika Kongo lililoundwa mwaka 1970. Katika makanisa haya shemasi ni mtu wa kijiji, mlimaji au mvuvi au fundi, mwenye familia yake, asiyelipwa mshahara. Kwa Wakatoliki, Mtaguso wa Pili wa Vatikani mwaka 1964 ulifungua tena mlango wa ushemasi wa kudumu, hata kwa wanaume wenye ndoa. Ila katika parokia zetu kazi ya kumjua maskini inabebwa zaidi na shirika, yaani jumuiya ndogo ya mtaa, pamoja na watu wa Caritas. Jina ni tofauti, kazi ni ileile: kujua nani hajapika leo.

Halafu vita vya 1996. Sitavieleza, kila mwanachama ana vyake. Watu wa Fizi na Uvira walivuka Ziwa Tanganika kwa mitumbwi na maboti mpaka Kigoma, wakapelekwa kambi ya Nyarugusu, na baadaye Lugufu. Vita vya 1998 vikaongeza wengine. Kambini serikali yetu haikuwepo, mashefu hawakuwa na udongo wa kuongoza, ukoo ulitawanyika. Kitu kilichojengwa upesi kilikuwa kanisa: miti, matete, shitingi ya HCR juu. Na kanisa likiwapo, shemasi yupo.

Wazee niliozungumza nao kwa kazi hii wanaeleza jambo moja kwa namna zinazofanana. Siku ya posho, mashemasi walipita na ndoo, na kila nyumba iliyotaka ilitoa kikombe kimoja cha unga, au nusu kikombe cha maharagwe. Kwa nini, na wote walipata posho sawa? Kwa sababu hawakuwa sawa. Aliyefika jana usiku hakuwa na kadi. Mwenye kadi iliyopotea alisubiri wiki nyingi. Mama aliyejifungua alihitaji kitu zaidi ya unga. Na kuna aliyeuza posho yake yote ili anunue dawa. Yale mapengo ambayo kadi haikuyaona, ndoo iliyaona. Mama mmoja aliniambia: "Kadi ilikuwa inajua namba ya watu wa nyumba yangu. Shemasi njo alikuwa anajua kama tumekula."

Mwezi wa 10 mwaka 2005 meli za kwanza za HCR zilitoka Kigoma na kushusha watu Baraka. Kwa miaka iliyofuata, maelfu na maelfu walirudi, na Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Nyarugusu ipo hata leo, na ndugu zetu wengi wako ndani yake. Waliorudi walipewa vifaa vya nyumbani na chakula cha kuanzia. Kisha chakula kikaisha. Muhogo hauivi kwa miezi mitatu.

Hapa kazi ya mashemasi ilibadilika tena. Nyumba nyingi zilikuwa vichaka, na nyingine zilikuwa na watu ndani, walioingia humo wakati wa vita na kuzaa watoto humo. Mashemasi walifyatua matofali na vijana wa kanisa, walikata matete, waliomba udongo kwa shefu kwa ajili ya mjane, walikaa katikati ya aliyerudi na aliyemkuta shambani. Walizika. Walichanga pesa za kumtoa mgonjwa aliyepona lakini akabaki kituoni kwa kuwa hana pesa ya kulipa. Mambo haya mengi hayamo katika ripoti yoyote kwa sababu hakuna aliyeyafadhili.

Sasa niseme na lile gumu. Shemasi ni mtu. Daftari iliyo mkononi mwa mtu mmoja inaanza kufanana na ukoo wake. Nimeona liste yenye majina kumi na mawili na saba kati yao wanakaa avenyu moja. Nimeona mjane ambaye jina lake lilifutwa alipohama kanisa moja na kwenda lingine, kana kwamba njaa yake nayo ilihama. Nimesikia Mwislamu wa Baraka akiuliza kama msaada unaopitia kwa shemasi unamhusu, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ndiyo. Na ulizo zito zaidi linatoka kwa wale ambao hawakukimbilia Tanzania, waliolala porini na kula mizizi: "Sisi benye tulibakia, hatukuteseka?"

Ulizo hilo ni la haki. Msaada mwingi uliokuja baada ya 2005 ulifuata neno moja, waliorudi, kwa kuwa hivyo ndivyo mafungu ya pesa yalivyoandikwa huko yanakotoka. Aliyebaki aliona jirani anashushiwa mabati, na yeye anaangalia. Ile Geneva ya liste mbili. Shemasi wa kijiji, ambaye katika kanisa lake ana waliorudi na waliobaki kwenye benchi moja, ndiye anayepokea lawama ya liste ambayo hakuichora.

Wafadhili wetu wapenzi, hapa nasema nanyi waziwazi. Mnapotuomba liste iliyosafishwa, yenye sahihi na namba za karata, mnafanya vema, na tutaendelea kuileta. Ila liste safi inaweza kuwa imemruka mtu kwa usafi uleule. Wajane wa Yerusalemu hawakurukwa kwa sababu hapakuwa na utaratibu. Mgawo ulikuwepo, kila siku. Kilichokosekana kilikuwa mtu wa upande wao karibu na meza.

Ndiyo maana mashemasi tunaofanya nao kazi katika makartiye yetu, wa jumuiya mbalimbali pamoja na watu wa Caritas, wameleta kwa komite pendekezo ambalo litajadiliwa katika mkutano mkuu. Naliandika hapa ili lisifike kama habari ya mdomo.

Wanaomba kwanza kwamba kila liste ibandikwe siku saba kabla ya mgawo, mlangoni pa kanisa, mlangoni pa msikiti na kwa shefu, ikisomwa pia kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, kwa faida ya wasiojua kusoma. Wanaomba pia kwamba katika kila kartiye watu wawili waliowahi kurukwa waingie katika kundi la kupanga majina, mmoja wa waliorudi na mmoja wa waliobaki, na angalau mmoja wao awe mwanamke. Anayetunza kasha asiwe anayegawa. Na shemasi asiandike jina la nyumba yake mwenyewe: jina hilo liletwe na mwingine. Hili la mwisho wamelisema wao, sikulisema mimi, na nafikiri si kwa ajili ya wizi tu. Kuna shemasi niliyemkuta amegawa unga kutwa nzima na nyumbani kwake moto haukuwashwa. Hakuna aliyekuwa na kazi ya kumwandika.

Jambo ambalo mashemasi wenyewe hawajapatana ni mfuko. Wengine wanataka ule mchango wetu wa kila mwezi, ambao ni jasho la wanachama, ubaki kwa wanachama waliorudi kama statuti zinavyosema, na waliobaki watafutiwe fungu lingine. Wengine wanataka sehemu yake iende kwa nyumba yoyote yenye njaa katika avenyu, bila kuuliza ilikuwa wapi mwaka 1996. Wa kwanza wana statuti mkononi. Wa pili wana Juliani na yale malalamiko yake. Kwa upande wangu niko na wa pili, lakini sauti yangu katika mkutano ni moja tu, na mimi si mtu wa kulipa mchango kwa kuuza ndakala.

Wanachama wanaombwa kuja mkutanoni na daftari au kaye za zamani za mashemasi kama zimebaki katika familia zenu, hasa zile za Lugufu na Nyarugusu. Tunazo mbili tu mpaka sasa. Moja imelowa maji na kurasa zake nyingi hazisomeki. Katika ile nyingine, kwa kalamu ya bluu, kuna majina ya nyumba, na mbele ya kila jina idadi ya vikombe. Majina kadhaa hayana vikombe vilivyotolewa, yana vilivyopokelewa tu, na baada ya miezi michache nyumba zilezile zinaonekana upande wa pili wa ukurasa, zikitoa.